Rudini msimu unaofuata: barua ya wazi kwa wanaotuma wataalamu wa kujitolea kwa wakulima

Kwa wakurugenzi wa mashirika yanayotuma wataalamu wa kujitolea wa kilimo na usindikaji wa vyakula katika nchi nyingine. Kwa wafadhili wanaowalipia nauli. Na kwa wakuu wa idara za kilimo katika nchi zinazowapokea.

Waheshimiwa,

Nawaandikia nikiwa katibu wa kikundi cha wakulima. Barua ya kuomba mtaalamu naiandika mimi, malazi yake nayatafuta mimi, saini za mahudhurio nazikusanya mimi. Gari la kumrudisha uwanja wa ndege likishaondoka, wanaobaki kuulizwa maswali na wanakikundi ni mimi na mwenyekiti wangu. Nina ombi moja, na mengine yote nitakayoyasema yanatoka humo. Naomba kazi ya mtaalamu wa kujitolea isihesabiwe imekwisha siku anapopanda ndege kurudi kwao. Ihesabiwe imekwisha pale watu aliowafundisha watakapovuna, kukausha, kusindika na kuuza msimu mzima bila yeye kuwapo. Ripoti iandikwe hapo, na bajeti ifike hapo.

Moyo wa wanaokuja hatuna shaka nao. Mtu aliyeendesha kiwanda kidogo cha maziwa miaka mingi, akastaafu, kisha akakubali kuacha nyumba yake na kuja kufundisha watu asiowajua bila mshahara, tunampa heshima yake yote. Na utaratibu wenyewe si wa jana. Shirika la kujitolea la VSO la Uingereza lilianza mwaka 1958, Peace Corps ya Marekani 1961, vijana wa kujitolea wa Japani 1965. Baadaye Uholanzi ikaanzisha PUM mwaka 1978 na Ujerumani ikaanzisha SES mwaka 1983, zikatuma watu wazima wenye ujuzi wa miaka mingi kazini. Marekani nayo ikaweka kwenye sheria yake ya kilimo ya 1985 programu ya Farmer-to-Farmer, ya mkulima kumfundisha mkulima mwenzake.

Programu hiyo ya mwisho ilikuja kupewa jina la John Ogonowski, na habari zake nazipenda kwa sababu zinaeleza ninachotaka kusema vizuri kuliko ninavyoweza mimi. Alikuwa mkulima wa Massachusetts na pia rubani. Ndiye aliyekuwa nahodha wa ndege ya kwanza iliyogongeshwa kwenye majengo ya World Trade Center tarehe 11 Septemba 2001. Kabla ya hapo alikuwa amewakaribisha wakimbizi kutoka Kambodia walime mboga za kwao kwenye ardhi yake, akiwasaidia kupata maji na mahali pa kuoteshea miche. Walikuwa jirani zake. Mche ukinyauka alikuwapo, mvua ikizidi alikuwapo, na wakati wa kuvuna alikuwapo pia. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyebeba jina la programu, halafu waliotumwa kwa jina lake na kwa majina ya programu nyingine zinazofanana nayo wamekuwa wakipewa wiki mbili, tatu wakibahatika.

Tatizo liko kwenye kile mnachokihesabu. Fomu tunazojaziwa zinauliza waliohudhuria ni wangapi, wanawake wangapi, vijana wangapi, semina zilikuwa ngapi, na kama washiriki waliridhika. Sijawahi kuona fomu inayouliza, mwaka mmoja baadaye, ni wangapi bado wanafanya walichofundishwa. Wala inayouliza walioacha waliacha kwa nini, ingawa hilo ndilo swali lenye faida kubwa kwenu na kwetu.

Niwape mfano wa chumvi. Sumukuvu, ile sumu inayotokana na kuvu wa Aspergillus kwenye mahindi na karanga, haiondoki kwa kupika. Mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya waliokula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Kinga yake kubwa ni kukausha vizuri na mapema, na kwa mkulima asiye na kipima unyevu kuna njia rahisi. Unachukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, unatia mahindi kiasi cha theluthi ya chupa, unaongeza chumvi kavu vijiko viwili au vitatu, unatikisa vizuri, kisha unaiacha kama robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado ni mabichi kuhifadhi. Isipogandia, unyevu umeshuka chini ya asilimia 15 hivi, na hapo unaendelea kuanika kidogo, maana mahindi ya kukaa ghalani muda mrefu yanatakiwa yafike asilimia 13 au karibu na hapo.

Ni somo zuri mno, na mtaalamu aliyetufundisha alilifundisha kwa uvumilivu. Lakini alikuja kiangazi, miezi mingi baada ya mavuno, kwa sababu ndipo mwaka wa fedha wa waliomtuma uliporuhusu. Kila chupa tuliyotikisa, chumvi ilidondoka chini safi kabisa. Watu walipiga makofi. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyeona chumvi ikigandia kwenye kioo, wala hakuna aliyefika pale penye uamuzi mgumu: mahindi ni mabichi, wingu limetanda, turubai ni moja, na mnunuzi yuko mlangoni anataka kuyabeba leo. Mavuno yalipofika, wengi walikuwa wameshasahau ni vijiko vingapi, na wawili watatu waliojaribu walitumia chumvi iliyokuwa na unyevu yenyewe, ikagandia kwa kila kitu, wakaona njia hii haina maana. Swali lao lilihitaji jibu la dakika moja. Aliyekuwa na jibu alikuwa ng'ambo, na mkataba wake ulikuwa umefungwa.

Kwa hiyo tarehe ya kuja ipangwe kwa kalenda ya shamba. Mtaalamu wa kukausha aje mavuno yanapoingia. Wa maziwa aje majira ambayo maziwa ni mengi na hayana pa kwenda. Wa wadudu aje wadudu wakiwepo. Najua jambo hili linavuruga ratiba za ofisini, na najua mvua haiji kwa barua pepe. Ndiyo maana kikundi chenyewe kiandike hadidu za rejea, yaani maelezo ya kazi anayoitiwa mtaalamu, na kitaje mwezi, na ofisi ikubali kusogeza tarehe kwa wiki kadhaa hali ya hewa ikibadilika.

Kufundisha kwa msimu mzima kumeshajaribiwa, tena kwa mamilioni ya wakulima. Indonesia ilipopata shida ya panzi wadogo wa kahawia walioharibu mpunga, ilibainika kwamba dawa zenyewe zilikuwa zinaua wadudu wanaowala hao panzi. Mwaka 1986 serikali ikapiga marufuku dawa 57 kwenye mpunga, na mwaka 1989, kwa msaada wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, yakaanza mashamba darasa. Wakulima walikutana shambani kila wiki, tangu kupanda hadi kuvuna. Walihesabu wadudu wenyewe, wakachora walichokiona, wakabishana, wakaamua. Mwalimu hakuwa na haja ya kuwaaminisha, kwa kuwa walikuwa wanaona kwa macho yao kinachotokea kwenye mpunga wao. Utaratibu ule ukasambaa Asia, Afrika na kwingineko, na unaeleweka vizuri ndani ya mashirika yenu. Sielewi kwa nini hauingizwi kwenye kazi za kujitolea.

Kwenye usindikaji, kuondoka mapema kunaweza kuleta hatari hasa. Kikundi kinafundishwa kutengeneza jemu. Matunda yana asidi, sukari ni nyingi, chupa zinachemshwa, kazi inakwenda vizuri. Wakulima ni watu wabunifu, na hilo ni jambo la kusifiwa: mwezi unaofuata mtu anasema, kama jemu imekaa, kwa nini tusitie maharage mabichi au mboga kwenye chupa zilezile, tukazichemsha vilevile? Hapo ndipo penye kifo. Vyakula visivyo na asidi ya kutosha, vyenye pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) zaidi ya 4.6, vinaweza kubeba mbegu za bakteria wa Clostridium botulinum, na maji yanayochemka kwa nyuzi joto 100 hayaziui. Zinahitaji mvuke wa shinikizo unaofika nyuzi 121 au karibu na hapo. Ndani ya chupa iliyofungwa, isiyo na hewa, ndimo bakteria hao hukua na kutoa sumu, na chakula kinaweza kuonekana na kunukia kama kawaida. Mtaalamu wa jemu analijua hili kama jina lake. Huenda hata alilitaja siku ya pili ya semina. Lakini wazo la maharage linamjia mtu miezi miwili baadaye, na wakati huo hakuna wa kuulizwa.

Ndiyo maana nasema simu ya mtaalamu baada ya kuondoka isiwe hisani yake binafsi. Wengi wao hutuma ujumbe kwa hiari, wanauliza habari, wanatuma picha, nasi tunashukuru. Iwe sehemu ya kazi yake, iwe na ratiba, iwe na mtu upande wetu anayelipiwa bando la kupokea, na maswali na majibu yaandikwe mahali ambapo kikundi kingine kitayakuta.

Kuna suala la vifaa. Tulijengewa kaushio la jua: fremu ya mbao, trei za wavu, juu nailoni angavu iliyokazwa vizuri. Lilipendeza. Nailoni ile mgeni alikuja nayo kwenye begi lake, ya aina inayostahimili jua kali, na katika maduka tunayoyafikia haipo. Ilipochanika pembeni tukaziba kwa nailoni ya kawaida, nayo ikapauka na kukatika kabla msimu haujaisha. Wavu wa trei ukaanza kutu, na vipande vya matunda vikanasa. Jambo lililotusumbua zaidi halikuwa hata hilo. Mafunzo yalifanyika kwa ndoo moja ya matunda, na ndoo moja inakauka kwa siku moja. Mavuno yanaleta mizigo, hayakauki kwa siku moja, na usiku unyevu unayarudia. Trei ziingizwe ndani jioni au zifunikwe palepale? Zikiingizwa ndani, zirundikwe vipi ili zisiote kuvu? Mambo haya tuliyagundua polepole, kwa kupoteza mali, na sasa tunayajua. Mgeni angekuwapo wakati ule angejifunza pamoja nasi, na kikundi kinachofuata kingefundishwa kaushio lililo bora kuliko letu.

Linganisheni na mifuko ya tabaka tatu ya PICS, iliyobuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue na wenzao wa Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kuhifadhi kunde. Mifuko miwili ya plastiki nzito ndani, mmoja wa kufumwa nje. Ukifunga vizuri, hewa inaisha humo na wadudu wanakufa bila dawa. Wazo lilikuwa zuri tangu mwanzo, lakini lilifika kwa wakulima wengi pale waliokuwa nyuma yake walipohangaika na viwanda, wasambazaji na wauzaji wa pembejeo mpaka mfuko ukapatikana karibu na mkulima. Mtaalamu akija na kitu cha begini, swali la kwanza kwenye fomu yenu liwe: kikiharibika, kitanunuliwa wapi, na nani?

Na kuna ujuzi usiohitaji kununua chochote, ambao mimi nauweka juu ya mashine zote. Howard Bradbury wa Australia na wenzake walitafuta namna ya kupunguza sumu ya sayanidi iliyobaki kwenye unga wa muhogo mchungu, sumu inayohusishwa na konzo, ugonjwa unaopooza miguu ya watoto na wanawake hasa wakati wa njaa na ukame. Jibu lao ni kulowesha unga kwa maji, kuutandaza mwembamba, usizidi sentimita moja, na kuuacha kivulini saa tano, au juani saa mbili, sumu ipande hewani. Unapikwa siku hiyohiyo. Njia hii ilifundishwa Msumbiji na Kongo kwa wanawake wanaopika, kwa mabango ya picha, na waliofundisha walirudi kupima.

Hapo kwa wanawake naomba mnivumilie nikae kidogo, kwa sababu ndipo fedha nyingi zinapopotea. Kumenya, kuanika, kusaga, kukamua, kugandisha maziwa, kupepeta: katika jamii nyingi za wakulima kazi hizi ziko mikononi mwa wanawake. Semina inaitishwa katikati ya asubuhi, ukumbini, kwenye viti. Wanaofika na kukaa mbele ni wanaume, kwa sababu wao ndio wenye nafasi saa hiyo na ndio wenye vyeo kwenye kikundi. Anaposimama mtaalamu kueleza kwamba maziwa yapashwe nyuzi joto 63 kwa dakika 30 na yasichezewe kwa kukisia, wanaoandika kwenye daftari hawajawahi kushika sufuria ile. Jioni mume anamsimulia mkewe, na kinachofika kwake ni kipande. Mwanamke naye akihudhuria, anakaa nyuma na mtoto, anaondoka kabla ya vitendo kwa kuwa kazi za nyumbani hazijasimama. Halafu kwenye ripoti amehesabiwa.

Mafunzo yafanyike palepale kazi inapofanyika, saa ileile inapofanyika, na anayeshika kisu au kipimajoto ndiye afundishwe. Tumeni wanawake waliofanya kazi hizi kwa mikono yao. Na msitafute wote mbali. Msindikaji wa nchi jirani mwenye hali ya hewa kama yetu na mazao kama yetu ameshatatua matatizo ambayo mtu wa nchi ya baridi atayakuta kwa mara ya kwanza. Naye nauli yake ni ndogo, na kurudi kwake mara ya pili ni rahisi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Tunapenda mgeni anayepewa jembe, kwa maana ya kwamba anaingia kwenye kazi iliyopo kabla ya kuleta kazi mpya. Henri de Laulanié, padri Mfaransa aliyesomea kilimo, alifika Madagaska mwaka 1961. Aliangalia wakulima wa huko wanavyolima mpunga, akaona baadhi yao wakipanda mche mmojammoja, wengine wakiacha shamba likauke kidogo badala ya kulijaza maji muda wote. Alikusanya mbinu zao, akazijaribu, na mwaka 1983 alipopandikiza miche michanga kuliko kawaida, mambo yakaungana. Ndio mwanzo wa kilimo shadidi cha mpunga, ambacho leo kinafuatwa katika nchi nyingi. Kati ya kufika kwake na ugunduzi ule ipo miaka 22. Hatuombi miaka 22. Tunaomba msimu mmoja.

Najua mtanijibu kwamba fedha zimepungua. Zimepungua kweli. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na ilipofika Julai shughuli za USAID, shirika lake la misaada, zikawa zimefungwa. Miradi mingi ya kilimo ilikatika katikati, na vikundi vikajifunza kwamba ahadi ya mfadhili inaweza kufutwa usiku mmoja. Uchache huo ndio unaonipa ujasiri wa kuandika. Kama mlizonazo zinatosha kutuma watu kumi mara moja, tumeni watano mara mbili, mahali palepale, kwa kikundi kilekile. Idadi kwenye ripoti ya mwaka itashuka, na najua bodi zenu zitauliza. Waambieni ukweli: FAO ilikadiria mwaka 2019 kwamba asilimia 14 hivi ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na kufika dukani, na upotevu huo haupunguzwi na saini za mahudhurio.

Kwenu ninyi wakuu wa idara za kilimo, neno langu ni fupi lakini ni zito. Mtaalamu akija, afisa ugani wa eneo awe naye tangu siku ya kwanza, kwa ratiba iliyoandikwa, asiletwe siku ya ufunguzi kupiga picha. Yeye ndiye atakayebaki. Mpeni mafuta ya pikipiki na muda wa kukitembelea kikundi msimu mzima. Gharama hiyo ni ndogo sana ukiiweka karibu na tiketi ya ndege. Mleteni pia mkaguzi wa vyakula kwenye mafunzo ya usindikaji. Tumeona watu wakijifunza kutengeneza bidhaa nzuri, wakanunua vifungashio na lebo, kisha wakakwama mlangoni pa duka kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema chumba cha kazi kinatakiwa kiweje ili kipate kibali. Mkaguzi akiwapo siku ya kwanza, anakuwa mwalimu. Akija mwishoni, anakuwa mtu wa kufunga mlango.

Na wataalamu wenyewe waambiwe haya kabla hawajafunga mizigo. Wengi watakubali kurudi. Nimewaona wakiondoka na huzuni kwa sababu walijua kazi haijaisha.

Tunaandaa sasa barua yetu ya kuomba mtaalamu wa kukausha na kuhifadhi nafaka. Tutaambatisha kalenda ya mazao yetu, orodha ya vifaa vinavyopatikana karibu, majina ya wanawake wanaofanya kazi hiyo kila siku, na jina la afisa ugani atakayeshirikiana naye. Tunaomba nanyi, mnapotujibu, mtutajie tarehe mbili: ya kuja kwake, na ya kurudi kwake msimu utakaofuata.

Wenu katika kazi,

Katibu, kwa niaba ya wanakikundi